Hashiya za Bicha

Matini yenyewe si mpya.
Nilimwambia Profesa kwa simu, nimesimama juu ya jiwe
penye mtandao: ni kitabu cha fikihi, kile kile
kilichonakiliwa kila palipokuwa na wino na mtoto wa kuchapwa.
Akasema, basi rudi Dodoma, fomu zinasubiri.
Nikasema kesho.

Bi Mwantumu amelibandua sanduku la bati
kwa kisu cha kumenyea viazi. Ufunguo ulipotea msibani,
siku ile kila mtu akilia
na kila mtu akilitazama sanduku.

Harufu ya karafuu, na chini yake harufu ya panya.
Mlango wa twahara, mzima.
Mlango wa swala, mzima.
Mlango wa mirathi umeliwa na mchwa hadi kwenye uzi wa jalada,
na Bi Mwantumu anacheka mpaka anashika ubavu:
"Ndiyo maana shamba la Kolo hatujagawana mpaka leo!"

Naandika kwenye fomu: Hali ya nakala, mbovu kiasi.

Nainua ukurasa dirishani.
Ndani ya karatasi miezi michanga mitatu imepangana,
alama ya kiwanda cha ng'ambo,
iliyopanda kichwani mwa mpagazi asiyejulikana
hadi huku Irangi, ambako korongo linamega udongo mwekundu
msimu baada ya msimu, wala halijazi fomu.

Kisha pembeni. Pembeni ndiko kulikonikalisha.
Mkono wa Maalimu Nkinde, mnene, wenye haraka:
«Leo mbula.»
Mvua ya Kirangi kwa khati ya Kiarabu,
lugha ya irabu saba imelazwa kwenye irabu tatu
kama wageni wa harusi kwenye kitanda kimoja.
«Ntandu amechukua debe la uwele, hajarudisha.»
«Hapa nilisinzia.»
Na kweli, mstari umeandikwa mara mbili.

Chini ya mstari ule, mwandiko mwingine,
mdogo, umesimama wima kama sindano:
«Kosa. Hii si fatha, ni kasra.»
Ukurasa wa kumi na tisa: «Kosa.»
Ukurasa wa arobaini: «Kosa, na umeshaambiwa.»

"Huyu nani?"

"Si mama huyo." Anapangusa mikono kwenye kanga.
"Wino alikuwa anapika yeye. Masizi ya chungu,
gundi ya mgunga, maji kidogo kidogo, koroga hadi mkono ufe.
Ukiupika wewe, utavumilia kuona unaharibiwa?"

"Alisoma wapi?"

"Jikoni. Chuo kilikuwa upande wa pili wa ukuta.
Wavulana walisinzia. Mama alikuwa na sufuria motoni,
angesinziaje?"

Mimi ni mjukuu wa katekista wa Mvumi.
Kiarabu nilikipata ukubwani, kwa mkopo wa serikali,
na babu aliniuliza mbele ya ugali kama nimesilimu.
Nasoma tu, babu.
Akasukuma bakuli la mlenda upande wangu:
hakuna kusoma tu.

Fomu ina safu moja: Jina la mwandishi.
Nafasi ya jina moja, tena fupi.
Nimeandika Nkinde. Nimekata. Nimeandika tena, nikaacha mkwaju mbele yake,
na kalamu ikabaki hewani.
"Mama aliitwa nani?"

Bi Mwantumu anaitazama kalamu yangu ya bluu,
ya dukani, yenye nembo ya benki kiunoni.
"Kwa hiyo?"
"Ndiyo."
"Hapana."

Amekwenda kutoa chungu kikuukuu uvunguni mwa dari,
anakikwangua kwa kijiko, ananielekeza kwa kidevu:
miti iko nyuma ya choo, angalia miiba,
chukua tone lililokauka, si lile linalong'aa.

Basi la saa nane limenipita nikiwa huko,
vidole vimenata,
fomu iko juu ya mkeka, imekandamizwa kwa jiwe.